Njia ya Mwongo ni Fupi

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakutuambia ni kitu gani kinachoifupisha. Mimi nimekuja kuamini kwamba mara nyingi ni tarehe. Mwongo anaweza kutafuta karatasi iliyochakaa, akaipiga muhuri, akaikunja na kuikunjua mpaka ionekane kuukuu. Akishaandika tarehe, hapo ndipo anapojifunga mwenyewe, kwa sababu tarehe haisimami peke yake. Kila tarehe ina bendera yake, mtawala wake, sarafu yake na jina la nchi lililotumika siku hiyo.

Mpenzi msikilizaji, mazungumzo ya wiki hii ni juu ya cheti cha kuzaliwa kilichozua mabishano mpaka ng'ambo, na ambacho hakimu wake mkubwa alikuwa historia ya ukoloni katika nchi yetu hii ya Kenya. Baadhi ya watu wangali wanakirushiana katika simu zao kana kwamba ni habari ya jana. Kwa hiyo nimeona tukipime pamoja, hatua kwa hatua, kisha tuulize jambo hilo linatuhusu nini sisi tunaopanga foleni kila siku mbele ya dirisha la msajili.

Tarehe 2 Agosti 2009, wakili mmoja wa California, Bi. Orly Taitz, alipeleka mahakamani nakala ya karatasi aliyotaka ichunguzwe. Karatasi hiyo ilidai kwamba Barack Obama, ambaye wakati huo alikuwa Rais wa Marekani kwa miezi saba hivi, alizaliwa tarehe 4 Agosti 1961 katika hospitali kuu ya Pwani, mjini Mombasa. Jambo lenyewe halikuwa mzaha. Katiba ya Marekani inataka rais awe raia wa kuzaliwa, na waliokuwa wakimpinga Obama walitumaini kwamba karatasi hiyo moja ingemng'oa Ikulu. Huku kwetu nako wapo waliotamani iwe kweli. Baba yake mzazi alikuwa mtu wa Nyang'oma Kogelo, Siaya, na nani asingependa kusema kwamba rais wa taifa lenye nguvu kuliko yote duniani alikatwa kitovu Mombasa?

Lakini mapenzi si ushahidi. Hebu tuitazame karatasi yenyewe.

Juu yake paliandikwa kwamba imetolewa na Jamhuri ya Kenya. Tarehe ya kutolewa ilikuwa 17 Februari 1964. Mkenya aliyepita shule ya msingi anatosha kuamua kesi hii, kwa sababu tuna sikukuu mbili zinazotukumbusha. Tarehe 1 Juni 1963 tulipata Madaraka, yaani serikali ya ndani. Tarehe 12 Desemba 1963 tukapata Uhuru. Jamhuri hatukuipata siku hiyo. Kwa mwaka mzima baada ya Uhuru, mkuu wa dola ya Kenya aliendelea kuwa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa hapa na Gavana Mkuu, Malcolm MacDonald, na Mzee Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu. Jamhuri ilizaliwa tarehe 12 Desemba 1964, na ndipo Mzee akawa Rais. Karani wa serikali aliyeketi ofisini mwezi Februari 1964 hangeweza kuwa na fomu ya Jamhuri ambayo ilikuwa bado miezi kumi haijazaliwa.

Hapa naomba msikilizaji uwe mwangalifu, maana ndipo wengi wanapoteleza. Kila nakala ya cheti cha kuzaliwa ina tarehe mbili. Kuna tarehe aliyozaliwa mtu, na kuna tarehe nakala hiyo ilipotolewa na ofisi. Kichwa cha karatasi hufuata ile ya pili. Mtu aliyezaliwa Malindi mwaka 1950, akaenda kuomba nakala mwaka 1990, atapewa karatasi yenye jina la Jamhuri ya Kenya, na hakuna kosa lolote. Serikali ya leo hutoa nakala kwa fomu ya leo. Karatasi ya Bi. Taitz haikuanguka kwa sababu mtoto anadaiwa kuzaliwa mwaka 1961. Ilianguka kwa sababu yenyewe ilidai kutolewa Februari 1964. Asiyetenganisha tarehe hizo mbili anaweza kumtia mtu wa haki katika mashaka, akamwacha mghushi apite.

Haikupita muda, watu wakaonyesha ilikotoka. Cheti halisi cha mtu mmoja wa Australia Kusini kilikuwa kimewekwa kwenye intaneti na jamaa zake, na karatasi ya Mombasa ilifanana nacho kwa mpangilio, hata nambari ya kitabu na ya ukurasa zilikuwa zilezile. Mwizi aliiba koti, akasahau kufuta jina la mwenyewe kwenye kola.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningesema historia imeshinda, tukafunga mazungumzo. Lakini waliokuwa wakiikataa karatasi hiyo nao walileta hoja zao, na moja ilikuwa mbovu. Walisema: Mwaka 1961 Mombasa haikuwa Kenya, ilikuwa Zanzibar, kwa hiyo cheti cha Kenya kwa mtoto wa Mombasa lazima kiwe cha uongo. Hoja hii ilisambaa sana, na inasikika kama ya msomi. Tena ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana ni ya hatari.

Chembe hiyo ni hii. Ukanda wa Pwani, ule tunaouita Mwambao wa maili kumi, ulitambuliwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, Uingereza ilichukua kazi ya kuutawala kwa niaba yake na kuahidi kumlipa pauni 11,000 kila mwaka. Mwaka 1920, bara ilipofanywa koloni, Mwambao haukuunganishwa nayo kisheria. Ndiyo sababu jina rasmi la nchi likawa na pande mbili: Koloni na Himaya ya Kenya. Koloni ilikuwa bara, Himaya ilikuwa Pwani. Wazee wa Mombasa wanakumbuka bendera nyekundu ya Sultani ikipepea juu ya Ngome ya Yesu, na wanakumbuka Liwali, Mudiri na Kadhi. Mwaka huohuo wa 1961 Uingereza ilimtuma Sir James Robertson kuchunguza hatima ya Mwambao, na mjini palikuwa moto kati ya waliotaka Mwambao wao peke yao na waliotaka kuungana na bara. Mkataba wa kumaliza jambo hilo ulitiwa saini London tarehe 8 Oktoba 1963, Sultani Jamshid akaachia haki yake, na Kenya ikaahidi kuzilinda mahakama za Kadhi, ambazo zimo katika Katiba yetu mpaka hii leo.

Sasa, je, mtoto aliyezaliwa Mombasa mwaka 1961 angeandikwa Unguja? La. Sultani alikuwa na enzi, lakini ofisi zilikuwa za Kenya. Gavana alikaa Nairobi, mkuu wa mkoa alikaa Mombasa akipokea amri kutoka Nairobi, hospitali iliendeshwa na serikali ya Kenya na msajili aliandika katika vitabu vya Kenya. Bendera ilikuwa ya mmoja, kalamu ilikuwa ya mwingine. Mwenye kusema Mombasa ilikuwa Zanzibar amesoma mkataba, hakusoma daftari. Na cheti cha kuzaliwa hutoka katika daftari.

Unaona basi, msikilizaji, jinsi mtu anavyoweza kufika mahali pa kweli kwa njia ya uongo. Karatasi ile ilikuwa ya kughushi, lakini si kwa sababu hiyo. Na ubaya wa hoja mbovu ni kwamba hauishii kwenye kesi moja. Ukiikubali leo kwa kuwa inampiga usiyempenda, kesho itatumika kumkatalia mzee wa Lamu cheti chake halali.

Upande wa pili kulikuwa na karatasi nyingine. Tarehe 27 Aprili 2011 Ikulu ya Marekani ilitoa nakala kamili ya kumbukumbu za kuzaliwa za Obama kutoka Hawaii. Inaonyesha kwamba alizaliwa mjini Honolulu, hospitali ya Kapiolani, tarehe 4 Agosti 1961. Magazeti mawili ya mji huo yalikuwa yameichapa habari ya kuzaliwa kwake mwezi uleule. Hata hivyo wabishi hawakunyamaza. Walirudi na hoja mbili, na zote mbili, cha ajabu, zinajibiwa kutoka huku kwetu.

Ya kwanza: karatasi ya Hawaii inasema baba wa mtoto alizaliwa Kenya, Afrika Mashariki. Wabishi wakasema mwaka 1961 hapakuwa na nchi inayoitwa Kenya, palikuwa na Afrika Mashariki ya Mwingereza, kwa hiyo aliyeandika Kenya aliandika baadaye. Wamechelewa miaka 41. Jina la Himaya ya Afrika Mashariki lilikoma mwaka 1920, na tangu hapo nchi ikaitwa Kenya, kwa jina la mlima. Ilikuwa Kenya kabla ya kuwa huru. Na maneno Afrika Mashariki yasimshangaze mtu. Kijana aliyetoka hapa mwaka 1959 kwenda kusoma Hawaii alikuwa amezoea reli ya Afrika Mashariki, ndege za Afrika Mashariki na shilingi ya Afrika Mashariki. Hata stempu aliyoibandika kwenye barua ya nyumbani ilikuwa na majina matatu pamoja: Kenya, Uganda, Tanganyika. Ukimwuliza kijana huyo anatoka wapi, angejibu vivyo hivyo kama ilivyoandikwa.

Ya pili: karatasi inasema kabila la baba, kwa maana ya rangi yake, ni Mwafrika. Wabishi wakasema Wamarekani wa mwaka 1961 hawakutumia neno hilo kwa mtu mweusi, walikuwa na neno lao lingine. Ni kweli walikuwa na neno lao. Lakini habari za wazazi hutolewa na wazazi. Na huku alikotoka, serikali ya kikoloni ilikuwa imemgawa kila mtu katika fungu lake: Mzungu, Mhindi, Mwarabu, Mwafrika. Mafungu hayo yaliamua mtoto asome shule gani, mgonjwa alale wodi gani, na nani alime nyanda za juu. Mwanamume Mwafrika wa enzi ya baba zake alilazimishwa kubeba kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mtu aliyekulia katika mpango huo, ukimpa fomu inayouliza rangi yake, ataandika Mwafrika, kwa sababu ndivyo serikali ilivyomwita maisha yake yote. Neno ambalo wabishi waliliona ni alama ya uongo ndilo hasa lenye harufu ya wakati wake.

Kwa hiyo historia ilizipima karatasi mbili. Ya kwanza ilitumia jina ambalo lilikuwa bado halijazaliwa. Ya pili ilitumia majina ambayo mtu wa mwaka 1961, kutoka mahali hasa alipotoka baba huyo, angeyatumia. Donald Trump, aliyekuwa ameshika bango la wabishi mwaka 2011, alisema hadharani mwezi Septemba 2016 kwamba Obama alizaliwa Marekani.

Pengine utaniuliza, mazungumzo haya yanamletea nini mama muuza samaki wa Kongowea? Nitakujibu. Wamarekani waliichezea historia ya Mwambao kama watoto wanavyochezea kisu cha baba yao. Sisi kisu hicho kimetukata.

Watazame Wapemba wa Kilifi na Kwale. Wazee wao walivuka na ngalawa kutoka Pemba, wakatua Vanga, Shimoni, Kilifi na kwingineko kufuata samaki. Walipokuwa wakivuka, Sultani alikuwa mmoja pande zote mbili za maji. Bendera waliyoiacha nyuma ndiyo waliyoikuta mbele. Kisha likaja mkataba la mwaka 1963, likaja Uhuru, na Katiba ya siku hiyo ikaweka sharti: aliyezaliwa Kenya atakuwa raia tarehe 12 Desemba 1963, ila kama wazazi wake wote wawili hawakuzaliwa Kenya. Mtoto wa Kilifi ambaye baba na mama yake walizaliwa Pemba akaachwa nje ya mlango. Alipewa miaka miwili kujiandikisha kwa maombi. Ni wavuvi wangapi walisoma tangazo hilo?

Matokeo yake yakawa miaka mingi ya watu kuzaliwa, kuoa, kuzaa na kuzikwa Kenya bila kitambulisho. Bila kitambulisho mvuvi hapati leseni, mtoto anakwama masomoni, na mwenye pesa kidogo hawezi kufungua akaunti ya benki. Serikali iliwatambua rasmi mwaka 2023. Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikilizwa.

Na hata aliye raia bila shaka yoyote amewahi kusimamishwa mbele ya dirisha na kuambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu yupi huyo? Uandikishaji wa vizazi hapa ulianza na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa Waafrika ulipanuliwa polepole, wilaya baada ya wilaya, mpaka ukaenea nchi nzima mwaka 1971. Kumdai mzee wa kijijini aliyezaliwa mwaka 1930 cheti cha wakati huo ni kumdai kitu ambacho serikali yenyewe haikumpa. Akileta cheti kizuri mno, chenye kila kitu mahali pake, hapo ndipo karani angepaswa kutia shaka. Akikosa, asimwone mwongo.

Basi yapo maswali ambayo mtu yeyote anaweza kuyauliza karatasi kabla hajaihukumu. Nakala hii ilitolewa lini, na nchi iliitwaje siku hiyo? Ofisi iliyoitoa ilikuwako? Eneo linalotajwa lilikuwa mkoa au jimbo, maana kuanzia mwaka 1963 mpaka mwisho wa 1964 tulikuwa na serikali za majimbo? Ada ililipwa kwa sarafu gani, maana shilingi yetu tangu miaka ya 1920 imekuwa na senti 100, na peni za Kiingereza hazina mahali katika risiti ya Mombasa ya mwaka 1964? Na mwisho, je, mtu wa aina hii, wa mahali hapa, wa mwaka huo, angetarajiwa kuwa na karatasi hii? Swali hili la mwisho ndilo linalosahauliwa, na ndilo lenye huruma ndani yake.

Pendekezo langu ni dogo. Kila ofisi ya usajili ibandike ukutani, mahali karani anapopaona akiinua macho, orodha fupi: 1895, himaya, 1920, koloni na himaya, 1 Juni 1963, madaraka, 8 Oktoba 1963, mkataba wa Mwambao, 12 Desemba 1963, uhuru, 12 Desemba 1964, jamhuri, 1971, uandikishaji wa lazima kila mahali. Mghushi akiiona ataingiwa na baridi, na bibi wa Shimoni aliyekuja na karatasi yenye jina la Koloni na Himaya hatarudishwa nyumbani kwa kuambiwa kwamba nchi hiyo haijulikani. Gharama yake ni karatasi moja na gundi.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.